Kosa la Kumi na Moja

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Naandika nikitumaini kwamba barua hii itakukuta mzima, magoti hayakusumbui kama mwaka jana, na shemeji naye hajambo pamoja na redio yake. Sisi huku hatujambo, ukiacha hili nitakalokueleza. Wifi yako anakusalimu sana. Amesimama hapa mlangoni na mwiko mkononi kuhakikisha nimeandika hilo neno "sana", maana anadai nina tabia ya kubania salamu za watu. Mpwa wangu, ambaye sasa ni mke wa mtu, mfikishie salamu zangu pia. Akikataa kuzipokea usimlazimishe.

Bahasha ni nene, lakini usidhani nimekutumia hati za kiwanja. Ni barua tu, na kwa nini imekuwa nene utaelewa ukifika mwisho. Najua pia kwamba mwaka na ushei umepita bila mimi kukuandikia hata mstari, na kwamba wewe hukunikosea lolote. Hilo nalo lina mahali pake humu. Nitakwenda kwa mpangilio, kwa sababu wewe ndiye uliyenifundisha kusoma, na ulikuwa ukinichapa kwa rula nikirukia mwisho wa hadithi.

Mimi, kama unavyojua, ni msoma prufu katika kiwanda kile kile cha uchapaji, mwaka wa ishirini na sita sasa. Kwa faida ya shemeji, ambaye mpaka leo huwaambia watu kwamba nauza magazeti: kabla kitabu hakijachapwa, kurasa zake hutolewa kwanza kwenye karatasi za majaribio, na hizo ndizo prufu. Mimi huzisoma na kalamu nyekundu mkononi, nakamata makosa, kisha chini naandika "Sawa, ichapwe" na kutia saini. Bila saini ile mashine haiwashwi. Nina rula ya chuma ninayoiweka chini ya kila mstari, na ukurasa mgumu huusoma kinyume, kuanzia neno la mwisho kurudi la kwanza, ili maana isinihadae. Kazini wananiita Bwana Koma. Wengine wanasema ni kwa sababu ya ile alama ya koma ninayoigombania kila siku. Wengine wanasema ni kwa sababu nikiikuta imewekwa pasipo pake, namwambia aliyeiweka akome.

Basi mwezi wa pili Meneja wa Utumishi alibandika tangazo ubaoni. Huyu meneja ni mtu aliyehudhuria semina nyingi kuliko vitabu alivyosoma, na kila akirudi kutoka huko hurudi na neno jipya, kama mtoto aliyeokota kitu barabarani. Safari hii neno lilikuwa "sabatiko". Kila mfanyakazi aliyetumikia miaka ishirini au zaidi, lilisema tangazo, atapewa miezi sita ya kukaa nje ya kazi kwa mshahara kamili, akajifunze jambo, apumue, arudi na nguvu mpya. Tangazo lilikuwa na mistari tisa na makosa manne. Niliyazungushia wekundu pale pale ubaoni, mbele ya watu, na sikujutia.

Mama Stoo, yule mama anayetunza karatasi na wino, alilisoma tangazo taratibu akauliza kama ni lazima mtu awe Msabato kwanza. Meneja akamweleza, kwa uso wa huruma, kwamba huo ni utaratibu wa makampuni makubwa duniani. Sisi tuna mashine tatu, na choo kimoja kati ya vitatu ndicho kinachofungika mlango. Lakini ndiyo hivyo, tukawa kampuni kubwa ya dunia.

Waliofikisha miaka ishirini tulikuwa wawili tu, mimi na huyo Mama Stoo. Wakatufanyia sherehe kati ya marobota ya karatasi, keki ikakatwa kwa kisu cha kukatia majalada. Meneja alisema sisi ni hazina. Alisema kampuni inatujali kama watu na si kama mashine. Nilimtazama nikijiuliza, mtu huyu kwa miaka miwili nimempelekea barua sita kulalamika kwamba taa za chumba changu ni hafifu, kwamba wino wanaonunua siku hizi umepauka, kwamba karatasi zimekuwa za kijivu, na hakujibu hata moja, leo ndiyo ananijali? Kisha wakatupa zawadi. Kila mmoja sanduku la nguo lenye magurudumu. Miaka ishirini na sita, dada, halafu unapewa kitu cha kuondokea.

Barua rasmi ndiyo iliyonimaliza. Iliandikwa hivi: "Tunayo furaha kukujulisha kwamba umepumzishwa." Wewe unajua neno hilo linatumikaje. Mtu akipumzishwa, ama amefukuzwa kazi ama amezikwa. Nilipofika nayo nyumbani wifi yako aliisoma akakaa chini pale pale jikoni, akauliza sasa tutaishije. Ilinibidi nimweleze mara tatu kwamba mshahara upo, kwamba ni heshima, na kila nilivyoeleza ndivyo mimi mwenyewe nilivyozidi kutoamini. Walininyang'anya na kitambulisho cha mlangoni. Marufuku kukanyaga kiwandani kwa miezi sita, na siku ya kurudi uje na ukurasa mmoja unaoeleza ulichojifunza. Yaani mtu mzima anapewa insha ya likizo.

Kiti changu alikalishwa binti mmoja aliyekuwa meza ya pili chumbani mwangu tangu mwaka juzi. Jina lake sina haja nalo, mimi nilimwita Hedifoni, kwa sababu hedifoni hazimtoki masikioni. Anasoma prufu huku amejifunika masikio, kichwa kinatikisika kidogo, midomo inacheza. Nilikuwa nikimwona najiambia huyu yuko disko, na vitabu vya watoto wa shule ndivyo vinavyolipa kiingilio. Kuna siku nilimwambia kwamba kazi hii ni ya macho, si ya masikio. Alivua upande mmoja, akasema ndiyo mzee, akauvaa tena. Nilimdharau kwa moyo wote, na nakuambia hivyo bila kupunguza ili ujue nimetoka wapi.

Nikaanza likizo. Wiki ya kwanza nilipanga upya kabati. Wiki ya pili nikaanza kusahihisha nyumba. Nilisahihisha orodha ya wifi yako ya sokoni mpaka akaacha kuiandika. Niligombana na muuza duka la dawa kwa maandishi yake ya kizembe kwenye pakiti. Nilitia chumvi kwenye chai mara mbili, nikamlaumu wifi yako kwa kununua makopo yanayofanana, naye akasema makopo hayo ni yale yale ya miaka kumi. Mama Stoo alinitumia picha akiwa ndani ya bwawa, amevaa kofia ya mpira, miaka hamsini na minne, anajifunza kuogelea. Nilicheka peke yangu mpaka nikakohoa. Hiyo ndiyo nguvu mpya tunayolipiwa, nikasema.

Lakini kusema kweli nilikuwa nikisubiri simu. Nilikuwa na hakika kwamba hawatamaliza mwezi. Kitabu kitatoka kimejaa aibu, meneja atanywea, wataniita, nami ningeenda taratibu, bila haraka, niwaache wasimame mlangoni. Kila simu ikilia nilikuwa nikikohoa kwanza kuweka sauti sawa. Wiki sita zikapita. Aliyepiga alikuwa fundi bomba, naye alikosea namba.

Na hapa, dada, ndipo inanibidi nikuambie jambo ambalo sijamwambia hata wifi yako. Nimemtuma dukani ndipo naandika sehemu hii.

Hakika yangu ile haikuwa ya bure. Nilikuwa nimeitega. Kazi ya mwisho niliyoisoma kabla ya kuondoka ilikuwa kitabu kipya cha kanuni za utumishi cha kiwanda chetu wenyewe, na sura ya saba ndiyo hiyo hiyo ya likizo ya sabatiko, fahari ya meneja. Kulikuwa na sentensi pale, naikumbuka yote: "Baada ya miezi sita, mfanyakazi atatakiwa kurudi kazini akiwa na nguvu mpya." Unisamehe, neno lenyewe si la kumwandikia dada mkubwa. Niliandika agizo la kubadili herufi moja. Moja tu. Ile "a" ya kwanza katika "kazini" nikaifanya "u". Isome sasa mwenyewe uone mfanyakazi anatakiwa kurudi kufanya nini, na kwa nguvu mpya. Nikangoja prufu ya pili itoke, nikalikuta neno langu limekaa vizuri mahali pake, nikaandika "Sawa, ichapwe", nikatia saini.

Nilijua kwamba meneja angeisoma sura ile kwa sauti siku ya kuzindua kitabu, maana anapenda kusoma kwa sauti. Nilijua pia kwamba lawama ingemwangukia Hedifoni, kwa sababu kitabu kingechapwa yeye akiwa kitini. Nililijua hilo, dada. Sikulisahau wala sikulipuuza. Nilitaka wajue chumba kile bila mimi ni nini, na kama binti wa watu angepoteza kazi ili wajue, nilikuwa tayari apoteze. Saini moja ndani ya miaka ishirini na sita niliitia huku najua ni ya uongo, na nikaenda kula keki yao.

Kitabu kilinifikia kwa posta wiki ya saba, kila mfanyakazi alitumiwa nakala yake. Nilikipeleka dirishani, nikafungua sura ya saba, nikaweka rula. "Kurudi kazini." Nikasoma tena. Nikausoma mstari kinyume. "Kazini." Herufi "a", imekaa kama haijawahi kuguswa. Badala ya kumshukuru Mungu kwamba nimeokolewa, nilikasirika. Nilihisi nimeibiwa. Nikavaa viatu nikaenda kiwandani, marufuku au si marufuku, nikamwambia mlinzi wa getini kwamba nimesahau miwani yangu. Akanipisha, akasema na afadhali nimeikumbuka. Sikumwelewa wakati ule.

Hedifoni nilimkuta mezani pangu, na hedifoni zake. Nilimgusa bega, akashtuka, akasimama kunipisha kiti, nikakataa kukaa. Nikamwuliza, kwa ile sauti yangu unayoijua, ni nani aliyemruhusu kugusa ukurasa ambao mimi nimeutia saini. Alikwenda akafunga mlango, akavuta droo ya chini ya meza yake ya zamani, akatoa prufu ile ya sura ya saba, akaiweka mbele yangu. Ilikuwa imezungushiwa duara za kalamu ya kijani. Akaniomba radhi kwamba alitumia kijani kwa sababu nyekundu ni yangu.

Nikazihesabu zile duara. Zilikuwa kumi na moja.

Kosa moja nililiweka mimi. Mengine kumi, dada, sikuwa nimeyaona. Neno limeandikwa mara mbili mfululizo, sikuliona. Mstari mzima umerukwa, sikuuona. Jina la mkurugenzi limekosewa kwenye kichwa cha ukurasa, kwa herufi kubwa nene, na chini yake saini yangu inasema sawa. Nilimwambia ni wino. Akainamisha kichwa. Nikamwambia ni taa. Akasema kwa upole kwamba taa zilibadilishwa tangu mwaka jana, zote, baada ya barua yangu ya pili, na kwamba meneja aliogopa tu kuniambia kwa sababu niliendelea kulalamika kama vile hazijabadilishwa.

Kisha akanionyesha droo yote. Prufu zangu za miaka miwili, zimepangwa kwa tarehe, kila moja na kijani chake. Alikuwa akibaki nikishaondoka jioni, anazisoma upya, anarekebisha kabla hazijaenda kwenye mashine. Hakumwambia meneja. Alijua mmoja tu, mlinzi, kwa sababu alimwona akichelewa kutoka, akamwuliza. Nilimwuliza kwa nini alinyamaza. Akasema siku ya kwanza alipofika hapa nilimsimamisha saa nzima nikimweleza tofauti ya koma na nukta-mkato, na tangu shuleni hapakuwa na mtu aliyewahi kufikiri anastahili kuelezwa jambo kwa muda mrefu hivyo. Mimi saa ile siikumbuki. Pengine nilikuwa namtukana.

Na zile hedifoni hazikuwa na muziki. Alinivalisha nikasikia. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, anasoma taratibu maandishi ya mwandishi, neno kwa neno, na koma anaitamka "koma", na nukta anaitamka "nukta". Hurekodi kwanza, halafu husikiliza huku macho yakiwa kwenye prufu, na sauti na karatasi zikitofautiana anasimama. Zamani kazi hiyo tuliifanya wawili, mmoja anasoma kwa sauti, mmoja anafuata kwa kalamu, mpaka wakubwa walipoona wawili ni wengi. Yeye amejigawa akawa wawili. Miaka miwili nilimdharau kwa kufanya kazi kuliko mimi.

Jambo baya kuliko yote ni hili. Aliponionyesha lile neno la kumi na moja, alicheka kidogo kwa aibu, akasema hata yeye lilimtisha, na kwamba mzee alikuwa amechoka siku ile, si kosa lake. Alidhani ni macho. Ameliweka kundi moja na yale kumi. Wala haikumpitia akilini kwamba mtu anaweza kukusudia. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia, mlango umefungwa, tuko wawili. Nikasema ndiyo, ni macho. Nikatoka. Kwa hiyo deni langu kwake halijaisha, na nitalimaliza mwenyewe, lakini nilitaka wewe ulijue kwanza.

Sasa mahali pako. Mwaka jana ulinirudishia barua yangu ikiwa na duara saba nyekundu, na chini ukaandika maneno matatu tu: "Mdogo wangu, macho?" Nilimwambia wifi yako kwamba mwalimu akistaafu akakosa darasa humtafutia mtu makosa ili apate la kufanya. Nikaapa sitakuandikia tena. Ilipokuja kadi ya harusi ya mpwa wangu, niliishika mbali, niliishika karibu, nikasema hata jina la bibi harusi wamelikosea, watu wasiojua kuandika jina la mtoto wao mimi siendi kwao. Nikakutumia ujumbe kwamba kazi zimenibana. Hazikunibana. Siku ile ilikuwa Jumamosi, nilikaa hapa hapa kwenye kiti hiki. Juzi nilimwomba wifi yako aitoe ile kadi anisomee polepole, herufi kwa herufi. Haikuwa na kosa hata moja.

Nimekwenda kwa daktari. Ni kijana wa juzi, ana mwandiko wa kuku, na alinisomesha herufi ukutani kama mtoto wa chekechea. Mstari wa kwanza niliusoma. Wa pili niliubahatisha. Wa tatu nilimwambia haujachapwa vizuri, akacheka, nami sikucheka. Anasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba kama ningekwenda mara tu mtu wa kwanza alipogundua kwamba sioni vizuri, ingekuwa rahisi zaidi. Nilimwambia aliyegundua kwanza ni dada yangu. Jumanne wanalipasua la kulia, mwezi ujao la kushoto. Sabatiko yao imebakiza miezi minne, kwa hiyo nitapata muda wa kupona kwa mshahara kamili, na itanibidi nimshukuru yule meneja, jambo linaloniuma kuliko kisu. Kama nitaweza kusoma prufu tena daktari hajaniahidi. Amesema wengi huona vizuri. Mimi sijawahi kuwa kwenye kundi la wengi, na mara hii naomba niwemo.

Naogopa, dada. Kama utaweza kuja, njoo. Wifi yako amekwisha kuandaa chumba, kabla hata sijasema nitakuomba.

Sasa unajua kwa nini bahasha ni nene. Nimeandika kwa kalamu ya kuandikia maboksi, mistari michache kila ukurasa, nyuma ya prufu za zamani. Wifi yako amerudi dukani, anataka aisome kabla sijaifunga, anitolee aibu ndogondogo. Nimemkatalia. Hii ni barua ya kwanza maishani mwangu ambayo sijaisoma tena baada ya kuiandika. Nakutumia ilivyo. Chukua kalamu yako nyekundu, izungushie, uje nayo. Safari hii sijaweka kosa hata moja la makusudi. Utakayoyakuta yote ni ya kweli.

Nisalimie shemeji, na umwambie siuzi magazeti.

Mdogo wako akupendaye,
Koma